Silinda ya Nne

Karakanani,
Jumapili asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, tena itakukuta umekaa, maana si barua ya kusoma umesimama. Sisi huku tuko salama. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake haujaguswa na ugonjwa wowote. Bado anaweza kumsema mtu tangu asubuhi hadi jioni bila kurudia neno. Shemeji yako bado anafundisha hesabu, na bado hawezi kufunga nati bila kuila nyuzi. Baba naye yupo. Hapo najua ungekuwa umeshakata simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua haikatwi. Utaichana labda, lakini utakuwa umeshaisoma.

Vipi mikate? Mama alinisomea barua yako ya mwisho, ile ya habari za tanuri jipya, nikacheka mpaka nikashika mbavu pale uliposema unapima unga kwa jicho kwa sababu uliapa kutoshika tena kipimo chochote maishani. Mama hakucheka. Na mimi baadaye, nikiwa peke yangu nafagia karakana, kicheko kile kilinigeukia. Utaona mbele kwa nini.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Bloki imerudi.

Usijifanye hujui bloki ipi. Ni ya injini ya gari jekundu la Daktari wa Meno, lile gari la mbio la milango miwili, la chini chini, ambalo tulikuwa tukimwona akiliingia tunasema haliendeshi, analivaa. Miaka kumi na minane limekaa chini ya turubai bila injini. Sitakusimulia unayoyajua kuliko mimi, nayagusa tu ili twende pamoja: ulizichonga silinda zake nne kwa kipimo ulichopewa, milimita themanini na sita, pistoni zilipofika Jumamosi mchana, ya kwanza ikazama shimoni kama jiwe kisimani, ikicheza huku na huku, na Baba, mbele ya mwenye gari, akakuambia huna mkono. Neno hilo tu. Jumapili ulikuwa umeshafunga begi. Pistoni kubwa kuliko zile hatukujua zinapatikana wapi, kwa hiyo bloki ikatangazwa imekufa, nawe ukajihesabu kuwa ndiye uliyeiua.

Ilikuja Jumanne moja mwezi uliopita, imelazwa nyuma ya pikapu juu ya godoro, imefunikwa shuka kama mgonjwa anayehamishwa wodi. Daktari amezeeka, kaka. Ameacha kung'oa meno kwa sababu mikono inamtetemeka. Anatania kwamba aliacha siku alipong'oa la jirani. Kabla hajasema shida yake aliuliza habari zako, na hakuuliza kwa ubaya. Kisha akatoa mfukoni barua ya mtu mmoja wa mbali anayetengeneza pistoni kwa oda, kwa ajili ya wenye magari ya zamani, kipimo chochote utakacho. Daktari anataka themanini na nane. Anataka aisikie injini ile ikinguruma tena kabla masikio yake hayajawa kama ya Baba.

Maana Baba hasikii tena, sijui kama Mama alikuambia. Mashine zimeyala masikio yake. Miaka miwili sasa amenikabidhi karakana, na yeye huja Jumatatu tu. Lakini siku ile alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. Shuka ilipofunuliwa alisimama, akaja polepole, akaipapasa namba ya injini iliyogongwa ukingoni mwa bloki. Akaondoka zake nyumbani, kofia akaiacha kwenye kigoda.

Nikueleze hatari yake, ingawa wewe uliijua kabla mimi sijajua hata kushika spana. Kuzifikisha themanini na nane ni kuula ukuta wa kila silinda karibu milimita nzima kila upande, na nyuma ya ukuta huo ni maji. Ukila kupita kiasi, ukuta utapasuka, ama hapo hapo ama siku injini itakapopata moto barabarani. Kuvisha silivu, yaani kuitia silinda bomba jipya la chuma kwa ndani, haiwezekani, silinda zenyewe zimebanana kama watoto wanne kitanda kimoja. Bloki nyingine haipo. Kwa hiyo ilikuwa mara moja tu: ipone kabisa au ife kabisa. Na nitasema ukweli, sikuwa nawaza gari la mtu peke yake. Nilijiambia, hii ikipona nitapata uso wa kumwandikia kaka yangu. Ikifa, nitanyamaza mpaka niingie kaburini.

Kwanza ilibidi tujue ukuta una unene gani. Unakumbuka Baba alivyokuwa akigonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza, ameinamisha kichwa? Mimi sina sikio lile, na yeye hanalo tena. Nikaazima kifaa kwa mkaguzi wa mabomba ya mvuke, kidude kama kalamu chenye waya. Unapaka grisi kidogo, unakigusisha kwenye ukuta wa silinda. Kinatuma sauti ndani ya chuma, sauti inagonga upande wa pili, inarudi, na kile kidude kinakuonyesha unene kwa namba. Jamani! Miaka yote hii nimefanya kazi na chuma nikidhani kimekaa kimya. Kumbe kinaitika. Nikakaa chini kwenye kreti la boliti, nikaitazama ile namba kama nimetumiwa salamu.

Baba alirudi siku ya tatu, eti amefuata kofia. Alinikuta napima. Akaniuliza sauti inakwenda wapi, nikampigia kelele sikioni kumweleza, akauliza tena, na mara ya tatu nikamshikisha kidude chenyewe. Akakigusisha ukutani, namba ikatokea. Akakisogeza, namba ikabadilika. Kaka, mtu ambaye hasikii hata honi ya lori alikuwa anaisoma sauti kwa macho. Aliivua ile kofia aliyokuwa ametoka kuivaa, akaishika kifuani.

Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na ukuta wa karibu milimita sita, hata hapo ulipokwisha kupita wewe. Ya tatu ilikuwa na mahali pamoja pembamba, nne nukta sita. Tukifika themanini na nane, pale patabaki tatu na nusu, ambayo ndiyo mwisho wa usalama, na juu yake unene wa nywele mbili. Nilimwonyesha Baba hesabu kwa chaki sakafuni. Alikaa akiitazama, halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia kwake. Alisema watu walioimwaga bloki hii chuma kikiwa bado uji, ambao hatuwajui na hawatujui, waliacha nyama nyingi kuliko iliyohitajika. Walijua chuma chao kitafika mikononi mwa fundi fulani, mahali fulani, na fundi huyo atakosea, wakamwachia nafasi. Baba huyu huyu, kaka! Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie, naye akasema kumbe kiziwi ni mimi.

Daktari alikuwa haondoki. Kila siku anakuja na kioo chake cha kazini, kile kidogo chenye mpini, anakiingiza kwenye matundu ya maji kutafuta kutu, anatikisa kichwa, anasema hapa pangesafishwa mara mbili kwa siku tusingefika huku. Siku moja nilimkamata akiiambia bloki ifungue mdomo zaidi.

Kuna jambo la kisasa nalo nililolifanya, Baba hakuwahi kulifanya. Kabla ya kuchonga unafunga juu ya bloki bamba nene la chuma, unalikaza kwa boliti zile zile na kwa nguvu ile ile kana kwamba silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, iko mahali pake. Nikatia saa ya kupimia ndani ya silinda, ile yenye mguu mrefu, nikaanza kukaza. Mshale ukasogea. Shimo lililokuwa mviringo kamili likawa yai, mbele ya macho yetu. Chuma ambacho ukikipiga nyundo kinakurudishia mkono, kinanyong'onyea kwa boliti kumi tu, halafu ukizilegeza kinarudi kama si chenyewe. Baba alinifanya nikaze na kulegeza mara tano. Akasema ina maana miaka arobaini amekuwa akichonga mashimo mazuri yanayopinda mteja akifika nyumbani. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji.

Pistoni zilipofika, sikuzigusa kwanza. Nilizitoa kwenye boksi, nikazipanga mezani karibu na bloki pamoja na maikromita, ile ya kubania kitu na kusoma kipimo chake, na saa ya kupimia, nikafunga madirisha, nikaviacha siku mbili ili vyote viwe na ubaridi mmoja. Unazikumbuka sheria mbili za Baba. Ya kwanza, pistoni mkononi ndipo uchonge: unapima pistoni yenyewe, huamini namba ya kwenye karatasi, kwa sababu fundi hashoni suti ya mtu kwa kusimuliwa. Ya pili, maikromita, ambayo saa ya kupimia hufuata kipimo chake, inasawazishwa kila Jumatatu asubuhi kwa kile kijiti cha chuma cha kipimo kamili, na kijiti hakishikwi na mtu mwingine ila yeye. Kinakaa kwenye droo yake, na ufunguo shingoni. Sheria ya kwanza aliivunja mara moja tu maishani. Pistoni zilikuwa njiani, Daktari alikuwa anamwoza binti yake wiki inayofuata na alitaka kumpeleka bibi harusi kwa gari lile, Baba akakuambia chonga kwa namba ya kwenye barua ya waliotuma pistoni. Wewe ukasita. Nilikuwepo, nilikuona ukisita. Halafu ukatii.

Basi, nikapiga moyo konde, nikawasha mashine.

Sijui nikuelezeje. Umeshafanya, unajua, lakini labda umesahau, na ningependa ukumbuke. Kisu kile kidogo kinashuka kikizunguka gizani, hukioni, unaona tu chenga zikimwagika chini nyeusi na laini, na unasikia mlio mmoja usiobadilika. Mlio ukibadilika, moyo nao unasimama. Baba alikuwa ameweka vidole viwili ubavuni mwa bloki, anasikiliza kwa ngozi. Silinda ya kwanza ilipokwisha nikaipitisha mawe ya kusugulia, ule msuguo wa mshazari unaoacha mistari inayokatana ili mafuta yapate pa kukaa, nikaifuta, nikamulika tochi. Lo! Ukuta uling'aa mistari kama kitambaa kilichofumwa. Bloki iliyokaa na kutu miaka yote ile ilikuwa na hiki ndani yake, ilingoja tu mtu afike. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Daktari naye alikuwa anapenga kamasi.

Ya pili ilikwenda kama ya kwanza. Ya tatu, ile yenye mahali pembamba, ilinichukua siku nzima. Nilikuwa nakula sehemu mbili, tatu hivi za mia za milimita, nasimamisha, napima kwa kidude, naendelea. Nilipomaliza nikaziba matundu yote, tukajaza maji, tukapiga pampu mpaka mshale wa shinikizo ukafika tulipotaka. Tukasubiri saa nzima. Baba alipitisha kiganja ndani ya silinda ya tatu, juu chini, juu chini, akitafuta jasho. Kiganja kilitoka kikavu. Mshale haukusogea hata upana wake. Kaka, pale umebaki unene wa nywele mbili tu juu ya hatari, na ukuta umeshika maji! Mama alipoletewa habari alisema kumbe kelele zote hizo ni kwa ajili ya shimo, lakini alikuja mwenyewe kutazama, kwa magoti yale.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi ilikuwa zamu ya nne, na hapo ndipo niliposimama.

Asubuhi nilitaka kuihakikisha maikromita mara ya mwisho. Nilimwomba Baba anitolee kijiti. Yeye akavua ufunguo shingoni, akanipa, akasema karakana ni yako na kijiti ni chako, kafungue mwenyewe. Mpaka leo sijui kama alisahau kilichomo ndani au alitaka nikione. Nilifungua droo. Kijiti kilikuwa mbele. Nyuma yake kulikuwa na kisanduku cha mbao cha ile maikromita ya zamani, uliyoitumia wewe, ambayo Baba alituambia aliiuza. Nikakifungua. Maikromita ilikuwemo, imepakwa mafuta, na juu yake kipande cha karatasi chenye mwandiko wa Baba: tarehe, neno Jumatatu, na chini yake, Inadanganya, sifuri nukta kumi na mbili.

Nilizihesabu tarehe kwa vidole, ingawa sikuhitaji. Ilikuwa Jumatatu, kesho yake baada ya wewe kuondoka. Na silinda zako zilikuwa zimezidi kiasi hicho hicho, sifuri nukta kumi na mbili, kila moja, zote nne sawasawa bila kupishana hata nywele. Mtu asiye na mkono hawezi kukosea namna ile, kaka. Ulichonga sawa kabisa. Ulichonga sawa kwa kipimo kilichokudanganya, na Baba alijua siku moja baada ya wewe kwenda zako.

Hasira zilinipanda, nikakishika kile kisanduku nikitaka kutoka nacho nikamrushie. Nilifika mlangoni. Hapo nikasimama, kwa sababu nilikumbuka mimi ni nani katika habari hii.

Sasa soma taratibu. Maikromita ile niliiangusha mimi.

Ilikuwa Alhamisi, wewe umekwenda kula, Baba amekwenda kununua beringi. Mlikuwa mmenikataza kugusa vipimo. Kazi yangu ilikuwa ufagio na chai, ndiyo maana ukanibandika jina la Chenga. Lakini miezi mingi nilikuwa naiba, kaka. Mkitoka tu naifungua, napima chochote nitakachokiona, vifuniko vya makopo, nati kubwa, napenda tu kuona namba inavyotoka. Siku ile nilikuwa napima mdomo wa kikombe cha bati cha Mama. Mikono ilikuwa na grisi. Ikaniponyoka, ikaanguka kwenye saruji kwa upande wa ile shingo inayozunguka. Niliiokota, nikaifuta, nikaizungusha; ilizunguka vizuri tu. Nikajiambia haina kitu, nikairudisha kisandukuni. Ijumaa wewe ukaichukua kwa imani, kwa sababu Baba alikwisha kuisawazisha Jumatatu, na kijiti hukuruhusiwa kukigusa. Jumamosi pistoni ilipozama, mimi nilijua kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa nimesimama na ufagio hatua tatu kutoka kwako. Nilifungua mdomo. Baba akasema lile neno, mdomo wangu ukajifunga.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nguoni kweli, jioni ile nilikupigia pasi mashati uliyoondoka nayo.

Na hilo bado silo baya zaidi. Mwezi mmoja baadaye, Baba hana msaidizi, aliniita kwenye mashine akaniambia nishike mpini. Nikapewa kwa mkono wa kulia kile nilichokuwa nikikiiba kwa mkono wa kushoto. Yote ninayoyajua nimejifunza nikiwa nimekalia kiti chako kingali na joto lako. Na sikukikalia kwa majonzi, kaka. Nilikikalia kwa furaha. Nilikuwa nalala nikitabasamu, huku wewe uko ugenini unaamini mikono yako haifai. Hilo ndilo nililolificha miaka kumi na minane.

Nilimwendea Baba nikamwambia. Ila kukiri kwa mtu asiyesikia si jambo la kunong'ona. Ilibidi nipige kelele, tena nirudie, na fundi viatu wa jirani akazima redio yake ili asikie vizuri. Barabara nzima sasa inajua. Kwanza Baba aliniuliza kilikuwa kikombe gani. Halafu akaanza kusema, nami nakuandikia kama alivyosema. Alisema ile Jumatatu alipoona kijiti na maikromita havipatani, alidhani yeye ndiye aliyeisawazisha vibaya wiki iliyotangulia. Macho yalikuwa yameanza kumsaliti naye alikuwa anaficha. Alikwenda kituo cha basi siku hiyo hiyo, akiwa na ovaroli lake, kana kwamba basi la Jumapili lingekuwa linamngoja. Akarudi. Akajiambia atakuandikia. Mwaka ukaisha, akaona aibu imekua, na kila mwaka ikawa kubwa kuliko mwaka uliotangulia. Alisema kinachomuuma zaidi ya yote ni ile sheria yake mwenyewe aliyoivunja. Tungengoja pistoni, maikromita ingedanganya kwenye pistoni na ingedanganya vile vile kwenye shimo, na uongo mmoja ungeufuta mwenziwe. Bloki ingepona na wala tusingejua kamwe kwamba maikromita ilianguka. Mkono wako, alisema, ulikuwa mzuri kuliko wake, na alikuwa anajua hivyo hata wakati anakutamkia lile neno. Kisha alilia. Sijawahi kumwona Baba akilia, nikawa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Mama alipoambiwa alitusema wote wawili, kuanzia adhuhuri hadi taa zikawashwa, na safari hii maneno aliyarudia.

Sasa ombi langu, au la wote. Silinda tatu ziko tayari, nzuri mpaka zinatia hofu. Ya nne haijaguswa. Baba amesema si yangu wala si yake. Tumeifunika mashine kitambaa, pistoni ya nne iko mezani karibu na bloki, na maikromita mpya karibu yake, madirisha yamefungwa, vinazoeana. Nilimwambia Daktari ukweli wote, nikitegemea atapandisha hasira. Akasema amekaa miaka kumi na minane mdomo wazi kitini, wiki chache zaidi hazitamvunja taya. Sikuombi msamaha kwenye karatasi, maana ni rahisi mno. Nitauomba mbele yako, nawe utaamua. Ukitaka kiti chako, kipo. Ukitaka kunichapa, ufagio uko pale pale nyuma ya mlango. Ila njoo, kaka yangu. Njoo uiweke mikono yako juu ya chuma hiki uone inafanya nini.

Nimekuwekea ndani ya bahasha ile karatasi ya Baba. Ni yako kwa haki.

Mpe wifi yangu mkono, mwambie akupikie vizuri kabla ya safari. Watoto wabusu, waambie shangazi yao ni mtu mbaya kidogo lakini anawapenda. Shemeji yako anakusalimu, Mama anakusalimu na anauliza kama bado unalala bila shuka. Fundi viatu naye anakusalimu, tena anasema pole.

Ni mimi mdogo wako,
Chenga

Hapa chini kuna mwandiko mwingine. Alininyang'anya kalamu:

Mwanangu. Pistoni ipo mkononi. Safari hii hatuchongi mpaka ufike.
Baba yako.